Harufu nzuri si usafi: ndani ya nyumba zilizofungwa, wanyama ndio wa kwanza kuumia

Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka chini ya udongo wa volkano. Haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo na mabonde madogo. Mtu mzima anaweza kupita pembeni amesimama bila kusikia kitu. Mbuzi anayeinamisha kichwa kula majani, mbwa anayefuata bwana wake na mtoto anayecheza chini, hao ndio wanaoanguka. Mwenye akili akiona mbuzi amelala shimoni bila jeraha, hashuki mbio kumtoa. Anajua kwamba mnyama amemwonya.

Somo hilo, ambalo watu wa Kivu ya Kaskazini wamelipata kwa uchungu, linapashwa kuingia sasa ndani ya nyumba. Hapa hakuna volkano. Kuna kopo la kupuliza lenye picha ya maua, spirali ya mbu chini ya meza, mabonge meupe ya naftalini ndani ya sanduku la nguo, kresili iliyomwagwa kwenye choo, ubani juu ya makala ya moto, na kichupa cha mafuta ya mkaratusi kilichonunuliwa sokoni. Tofauti na mazuku ni moja: hivi vyote vinanuka, na watu wanavilipia kwa sababu vinanuka.

Katika miji ya mashariki, toka Bunia mpaka Uvira, toka Kisangani mpaka Lubumbashi, bidhaa za harufu zimejaa. Zinaingia kupitia mipaka yote, zinauzwa kwenye butiki, kwenye meza za kando ya barabara, hata ndani ya beseni la mama anayetembeza bidhaa kichwani. Si ajabu. Pale ambapo maji ya bomba yanakosekana siku nyingi, ambapo takataka zinarundikwa karibu na mlango na choo kinatumiwa na familia tatu, harufu nzuri inakuwa heshima. Mgeni akiingia na nyumba inanuka vizuri, mama wa nyumba anatulia. Hakuna anayepaswa kumcheka.

Lakini harufu nzuri si usafi. Uchafu unaofunikwa na malashi unabaki uchafu, na juu yake kunaongezwa kitu kingine. Wa kwanza kulipa ni wale ambao hawawezi kufungua dirisha wala kusema kwamba kichwa kinauma: paka, mbwa, kuku, kasuku na kobayi.

Kwa nini mnyama anaumia kabla ya mtu

Sababu ya kwanza ni mahali anapoishi. Mtu akipuliza dawa hewani, yeye amesimama. Matone yanashuka. Yanatua sakafuni, kwenye mkeka, kwenye bakuli la maji la mbwa, juu ya manyoya ya paka aliyelala chini ya kiti. Saa moja baadaye mwenye nyumba amesahau, lakini paka anajilamba. Paka anajisafisha kwa ulimi kila siku, tena kwa muda mrefu. Kila kilichotua juu ya manyoya yake kinaishia tumboni mwake. Kwa hiyo anaipata dawa mara mbili: puani na mdomoni.

Sababu ya pili iko ndani ya ini la paka. Kwa wanadamu na kwa wanyama wengi, ini lina njia ya kufunga sumu fulani na kuzitoa kupitia mkojo. Kwa paka njia moja kubwa kati ya hizo ni dhaifu sana, kwa sababu kirithi kinachoiongoza hakifanyi kazi. Ndiyo maana dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli, ambayo mtu anakunywa bila wasiwasi, inaweza kuua paka. Na ndiyo maana vitu vya jamii ya fenoli vinamdhuru haraka. Kresili ni ya jamii hiyo. Baadhi ya dawa za kusafisha zenye harufu ya msonobari zina vitu vya jamii hiyo. Hata ile dawa ya kuua vijidudu ambayo inageuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini, na ambayo familia nyingi zinaitumia kuoshea vidonda, ina kitu cha aina hiyo. Kwa mtu ni dawa. Kwa paka aliyekanyaga sakafu ikiwa ingali mbichi, kisha akalamba nyayo zake, ni sumu.

Sababu ya tatu inahusu ndege. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama ya mtu. Hewa inapita ndani yake kwa mwelekeo mmoja, ikisaidiwa na mifuko ya hewa iliyotawanyika mwilini, na ndege anachukua oksijeni anapovuta pumzi na anapoitoa. Ni mashine nzuri ya kuruka. Lakini ni mashine inayochukua pia kila moshi na kila mvuke kwa nguvu ileile. Wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza walijua hilo: walishuka migodini na ndege wadogo wa njano ndani ya vizimba, mpaka mwaka 1986, ili ndege akianguka wao wakimbie. Leo inajulikana kwamba hata kikaango chenye tabaka lisiloshika chakula, kikisahauliwa tupu juu ya moto mkali, kinatoa moshi unaoweza kuua ndege wa nyumbani kwa muda mfupi, wakati mpishi anahisi tu harufu kidogo.

Hilo linagusa Kongo moja kwa moja. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, ni ndege wa misitu ya nchi hii. Biashara yake ya kimataifa imekatazwa tangu mwezi wa kwanza 2017 na mkataba wa CITES, kwa sababu idadi yake imepungua vibaya. Lakini bado anaonekana ndani ya vizimba kwenye nyumba na butiki, wakati mwingine ametundikwa jikoni, juu kidogo ya moto. Kasuku aliyetolewa msituni na kufungiwa mahali pa spirali, ubani na moshi wa makala amedhulumiwa mara mbili.

Kobayi na kuku: akiba ya maskini

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya wanaolala na mbwa kitandani. Mashariki mwa Kongo, kuna vita, kuna wakimbizi, kuna kolera. Nani ana nafasi ya kufikiria pua ya paka?

Swali hilo lina uzito, na jibu lake liko ndani ya jikoni za Kivu ya Kusini. Huko, familia nyingi zinafuga kobayi, wale ambao Waswahili wengine wanawaita simbilisi. Watafiti wa kilimo waliofanya kazi katika jimbo hilo wameandika kwa nini mnyama huyo mdogo amependwa: anazaa haraka, anakula majani na maganda, anafichika kwa urahisi wakati watu wenye silaha wanapora mbuzi na ng'ombe, na familia ikikimbia anabebwa ndani ya kikapu. Ni nyama ya watoto, ni karo ya shule, ni dawa siku mtu anaugua. Na mara nyingi anaishi palepale jikoni, juu ya sakafu, karibu na moto.

Kobayi anapumua kwa pua. Mapafu yake yanashikwa haraka na magonjwa. Akiishi katika moshi, kisha usiku mlango ukafungwa na spirali ikawashwa karibu naye, kifua chake kinazidi kuchoka. Asubuhi mama anakuta wawili wamekufa na anasema ni ugonjwa umeingia. Pengine ni ugonjwa kweli. Lakini hewa mbaya ndiyo inayofungua mlango kwa ugonjwa.

Kuku naye, katika mitaa ya Bukavu au Butembo, analazwa ndani ya nyumba kwa sababu ya wezi. Anakaa kwenye kona, kichwa chini, futi chache kutoka kitandani. Paka, yeye ndiye mlinzi wa gunia la mahindi na la maharagi. Nyumba isiyo na paka inajua hasara ya panya. Mbwa analinda uwanja. Kwa hiyo mtu anayezungumza juu ya wanyama wa nyumbani mashariki mwa Kongo hazungumzi juu ya mchezo. Anazungumza juu ya akiba, chakula na usalama.

Tena anazungumza juu ya mtoto. Mtoto wa miezi kumi anatambaa kwenye sakafu ileile ambayo paka anaikanyaga. Anashika mkeka uleule, anaweka mkono mdomoni kama paka anavyolamba nyayo. Kile kinachomfanya mbwa akohoe hakimchagui mbwa peke yake.

Bidhaa moja moja

Spirali ya mbu ndiyo inayostahili kutajwa kwanza, kwa sababu iko kila mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wa spirali za aina mbalimbali. Uligundua kwamba spirali moja ikiungua mpaka mwisho inatoa vumbi laini la moshi sawa na lile la sigara 75 mpaka 137, kulingana na aina. Hakuna mzazi ambaye angekubali mtu aketi karibu na kitanda cha mtoto na kuvuta sigara 75 usiku kucha, madirisha yamefungwa. Lakini spirali ina picha ya mbu aliyekufa, basi inakubaliwa. Malaria inaua, na hakuna anayeweza kuwaambia watu waache kujikinga. Ila chandarua chenye dawa kinakinga bila moshi. Na kama ni lazima kuwasha spirali, mahali pake ni nje mlangoni au kwenye baraza, jioni, si chini ya kitanda.

Naftalini inafuata. Yale mabonge meupe yanawekwa katikati ya nguo, kwenye pembe za nyumba, hata ndani ya choo. Yanafanana na bonbo, na mbwa mdogo anaweza kuyatafuna. Naftalini inavunja chembe nyekundu za damu. Mbwa aliyekula anatapika, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unageuka rangi ya chai nzito. Paka anaumia kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini hapa pia mtu hayuko mbali. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa G6PD, hali ambayo inaonekana sana katika nchi zenye malaria, Kongo ikiwemo. Kwa mtoto mchanga mwenye hali hiyo, kuvalishwa nguo zilizolala ndani ya naftalini kunaweza kuleta umanjano na kuishiwa damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka naftalini kati ya vitu vinavyoweza kusababisha kansa kwa binadamu. Nguo zinaweza kulindwa kwa kuoshwa, kuanikwa juani na kufungwa vizuri ndani ya mfuko.

Mafuta ya mimea yanaleta udanganyifu wa aina nyingine, kwa sababu yanaitwa ya asili. Mkaratusi umejaa kwenye milima ya Kivu; watu wanachemsha majani yake wakipata mafua, na hakuna ubaya mkubwa katika sufuria ya majani mlango ukiwa wazi. Lakini mafuta yaliyokamuliwa na kuwekwa katika kichupa kidogo ni kitu kingine: kichupa hicho kimebeba nguvu ya majani mengi sana. Mafuta ya mkaratusi, ya karafuu, ya mnanaa, ya machungwa, ya msonobari na ya mchai wa Australia unaoitwa tii-tri yote yanaweza kumdhuru mnyama yakipakwa juu ya ngozi au yakilambwa. Waganga wa wanyama huko Marekani walikusanya kesi 443 za mbwa na paka waliodhuriwa na mafuta safi ya tii-tri kati ya mwaka 2002 na 2012. Wengi walikuwa wamepakwa na wenyewe, kwa nia nzuri, ili kufukuza viroboto au kuponya ngozi. Dalili zilikuwa mate mengi, kuyumba, udhaifu wa miguu, kutetemeka. Paka wadogo na wembamba ndio walioumia zaidi.

Mashariki mwa Kongo, nia hiyo nzuri ina sura zake. Kuna wanaompaka mbwa petroli au mafuta machafu ya gari kuua viroboto. Kuna wanaompaka paka mwenye mafua pomadi ya kanfa kifuani, kama wanavyompaka mtoto. Petroli inaunguza ngozi, na ikilambwa inaweza kuingia mapafuni. Kanfa inaweza kuleta degedege, kwa mnyama na kwa mtoto mdogo pia.

Dawa za kupuliza wadudu zinastahili neno la peke yake. Nyingi siku hizi zina harufu ya limau au ya lavanda, na harufu hiyo inasahaulisha kwamba ni sumu. Nyingi zimetengenezwa na vitu vya jamii ya piretroidi. Moja wapo, permetrini, ni hatari sana kwa paka. Mbwa anaweza kupakwa dawa ya viroboto yenye permetrini na akapona viroboto. Matone yaleyale juu ya paka yanaleta kutetemeka, degedege na kifo. Hata paka anayelala akijibana na mbwa aliyepakwa siku hiyo anaweza kuathirika. Samaki ndani ya chombo cha kioo pia hawavumilii piretroidi, na ndiyo sababu kopo nyingi zina alama ya samaki aliyekufa na mti mkavu. Mabaki ya kopo hizo yanayotupwa kwenye mfereji yanaishia katika ziwa Kivu au Tanganyika, pale ambapo sambaza na ndagala wanavuliwa.

Kuna pia mchanganyiko. Baadhi ya watu, wakiona harufu ya mkojo wa paka haitoki, wanamwaga javeli juu yake, kisha sabuni ya choo, kisha malashi. Mkojo una amonia. Javeli ikikutana na amonia inatoa gazi inayochoma macho na mapafu. Javeli ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gazi ya klori, ambayo ilitumiwa kuua askari katika vita vya kwanza vya dunia. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha, mtu mzima anaweza kuanguka. Mkojo unaoshwa kwanza kwa maji na sabuni ya kawaida. Javeli inatumiwa peke yake, kwa maji mengi, mlango wazi.

Si kila harufu inaua

Kwenye jambo hili kuna hatari ya kutia watu hofu bure. Paka hafi kwa sababu bwana wake amejipaka malashi akienda kanisani. Mshumaa wa harufu uliowashwa saa moja katika salo pana lenye madirisha wazi hautamuua mbwa. Mmea wa sitroneli uliopandwa uwanjani hauna shida. Ubani wa ibada, unaochomwa muda mfupi katika jengo kubwa, si sawa na ubani unaochomwa kila jioni katika chumba cha mita tatu kwa tatu.

Kinachoamua ni mambo manne: wingi wa bidhaa, ukubwa wa chumba, muda mnyama anaokaa ndani yake, na kama anaweza kutoka. Kati ya hayo, la mwisho ndilo rahisi kulitimiza. Mbwa mwenye mlango wazi ataondoka mwenyewe, kwa sababu pua yake inasikia mbali kuliko ya mtu. Harufu ambayo kwa mtu ni nyepesi, kwake inaweza kuwa kelele. Mnyama anayekimbia chumba kila mara kinapopulizwa anasema kitu. Kasuku ndani ya kizimba na kobayi nyuma ya ubao hawana uwezo wa kukimbia. Mwenye nyumba ndiye miguu yao.

Akiwa ameumia

Mnyama anayetoa mate mengi, anayekohoa, anayepumua mdomo wazi, anayeyumba au kutetemeka baada ya nyumba kupulizwa anapashwa kutolewa nje haraka kwenye hewa safi. Kama ni kitu kimemwagika juu ya manyoya, anaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha anakaushwa. Kumtapisha ni kosa, hasa akilamba mafuta au petroli, kwa sababu vinaweza kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Kumpa maziwa au mafuta ya mawese, kama desturi inavyotaka, si dawa. Kwa naftalini na kanfa, mafuta yanaweza hata kusaidia sumu kuingia mwilini haraka. Kopo au kichupa kilichotumiwa kinabebwa pamoja na mnyama, ili mganga wa wanyama ajue anapambana na nini.

Lakini kuna onyo moja kubwa. Mate mengi, kuyumba na degedege ni dalili za sumu, na ni dalili za kichaa cha mbwa pia, ugonjwa ambao bado unaua watu Kongo. Mnyama ambaye hajachanjwa na ambaye ameanza kuonyesha dalili hizo hashikwi kwa mikono mitupu, hata kama jana yake nyumba ilipulizwa dawa. Akiuma mtu, kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo anaenda kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama mnyama atapona. Hakuna upendo wa mnyama unaostahili kulipwa na uhai wa mtoto.

Kazi ya kila mmoja

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mama wa nyumba peke yake. Yeye ananunua kile anachokikuta sokoni. Na anachokikuta ni kopo lenye maandishi ya Kiarabu, ya Kichina, ya Kituruki au ya Kiingereza, ambayo wengi hawayasomi. Wakati mwingine dawa ya wadudu inauzwa ndani ya chupa ndogo ya maji, bila karatasi yoyote. Muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Anajua tu kwamba inaua kunguni.

Sheria hazikosekani. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya kulinda mazingira inaweka misingi kuhusu bidhaa za kemikali zenye hatari. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ndiyo yenye kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini. Kinachokosekana ni kuona sheria hiyo ikifika kwenye meza ya mwuzaji wa Kadutu, wa Virunga au wa Kenya huko Lubumbashi. Jambo moja lingeweza kuanza bila gharama kubwa: kila bidhaa ya kupuliza, ya kuchoma au ya kumwaga ndani ya nyumba iwe na karatasi yenye onyo kwa Kifaransa na kwa lugha ya taifa inayosemwa pale inapouzwa. Maneno machache yanatosha: fungua dirisha, weka mbali na watoto na wanyama, usipake paka. Anayeleta kontena nzima hawezi kushindwa kulipia karatasi hiyo.

Pale ambapo vita vimeondoa au kudhoofisha ofisi za serikali, wafanyabiashara hawajaondolewa dhamiri. Vyama vya wauzaji wa masoko vinaweza kukataa chupa zisizo na jina. Redio za mitaa, ambazo zinasikilizwa hata kwenye kambi za wakimbizi, zinaweza kutoa dakika tano kwa wiki kwa mganga wa wanyama. Waganga hao wapo, ingawa si wengi: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo vinawafundisha. Maarifa yao yasibaki ndani ya kumbukumbu za kumaliza masomo huku wakaaji wakipaka paka petroli.

Na nyumbani, kazi inaanza na vitu ambavyo haviuzwi. Kufungua dirisha asubuhi. Kuanika mkeka na blanketi juani. Kutoa takataka kabla hazijaoza. Kuhamisha kizimba cha kasuku na banda la kobayi kutoka jikoni, hata kama ni hatua chache tu mpaka barazani, na kuwajengea wezi kizuizi badala ya kuwajengea wanyama kaburi. Kumtoa paka na kufunika maji ya kuku kabla ya kupuliza, na kungoja sakafu ikauke kabla ya kuwarudisha. Kutoweka kitu chochote cha harufu ndani ya chumba ambacho kiumbe fulani hawezi kukitoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nyumba nyingi za mashariki tayari zina moshi huo, wa makala na kuni, ambao familia haiwezi kuuacha kesho kwa sababu hakuna umeme wa kutegemewa. Basi hakuna sababu ya kuongeza juu yake moshi ambao familia inaweza kuuacha leo.

Mbuzi aliyeanguka ndani ya mazuku hasemi kitu, lakini wenye kumwona wanaelewa na wanarudi nyuma. Kobayi aliyekufa jikoni na paka anayetetemeka karibu na sanduku la nguo hawasemi kitu pia. Kabla ya kununua kopo lingine la kufunika harufu, mwenye nyumba afungue mlango kwanza, halafu atazame chini, kwa kuwa mtoto wake anacheza palepale wanapolala.